Gari la Thamani: Akiba ya Ghalani au Chombo cha Barabarani?

Tarehe 5 Mei 2022, katika jumba la makumbusho la kampuni ya Mercedes-Benz mjini Stuttgart, Ujerumani, gari moja lilinadiwa kwa Yuro milioni 135. Katika historia ya minada ya motokaa haijapata kutangazwa bei kubwa kuliko hiyo. Gari lenyewe ni aina ya 300 SLR la mwaka 1955, lenye rangi ya fedha na milango inayofunguka kwenda juu mithili ya mbawa za ndege. Yaliundwa mawili tu. Moja limebaki katika makumbusho ya kampuni, na la pili limekwenda kwa tajiri ambaye jina lake halikutangazwa. Fedha zilizopatikana ziliwekwa katika mfuko wa kuwasomesha vijana.

Magari hayo mawili yaliandaliwa kwa ajili ya mashindano ya mwaka 1956. Lakini tarehe 11 Juni 1955, katika mashindano ya Le Mans nchini Ufaransa, gari jingine la kampuni hiyohiyo lilirushwa likawaangukia watazamaji, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mwisho wa mwaka ule Mercedes-Benz ilijitoa katika mashindano, na magari mawili mapya yakabaki bila kazi. Mhandisi Rudolf Uhlenhaut, aliyeyabuni, hakuridhika kuyaona yamekaa bure. Alichukua moja, akalifunga bomba kubwa la kupunguza kelele, kisha akawa analiendesha katika barabara za umma kama gari lake la kazini. Lilikuwa na uwezo wa kwenda kadiri ya kilomita 290 kwa saa, na husimuliwa mpaka leo kwamba safari ya kutoka Stuttgart hadi Munich, ambayo ni zaidi ya kilomita 200, aliimaliza kwa muda wa saa moja hivi.

Basi aina moja ya gari imepata riziki mbili. Mwenye kuliunda aliliendesha kazini katika mvua na jua. Miaka 67 baadaye likawa mali ya bei isiyosemeka, ambayo mtu mwenye akili timamu angeogopa hata kulisogeza kutoka penye kivuli. Hapo ndipo panapozuka swali linalowagawa wapenzi wa magari adimu ya spoti huko Ulaya, Marekani na Japani: je, gari la namna hii linunuliwe na kufungiwa kama dhahabu ya benki, likisubiri bei ipande, au liendeshwe na kufurahiwa kama lilivyokusudiwa na mafundi walioliunda?

Msomaji wetu, uliye askari wa jeshi au wa polisi, huenda ukauliza mambo hayo ya matajiri yanakuhusu nini. Yanakuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, wewe ni mtu wa zana: unakabidhiwa silaha, gari na redio, nawe unajua zaidi ya raia wengi tofauti kati ya chombo kilichotunzwa na chombo kilichofichwa. Pili, ipo siku utakabidhiwa malipo ya kustaafu, na siku hiyo watakuja watu wengi kukueleza kwamba kitu fulani “bei yake haishuki kamwe”. Mkasa wa magari haya una mafunzo kwa siku hiyo.

FERRARI YA POLISI WA ROMA

Tuanze na mfano unaowahusu polisi wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wahalifu wa mji wa Roma, Italia, walikuwa wakitoroka kwa magari yenye kasi ambayo magari ya polisi hayakuweza kuyafikia. Ili kuwakomesha, kikosi cha polisi cha mji huo kilipewa magari mawili aina ya Ferrari 250 GTE, yaliyopakwa rangi nyeusi, yakafungwa ving'ora, taa ya buluu na redio. Yalikuwa na injini ya silinda 12 yenye ujazo wa lita 3, na mwendo wake ulipita kilomita 230 kwa saa.

Moja kati ya hayo mawili liliangamia mapema katika ajali. La pili alikabidhiwa askari polisi aitwaye Armando Spatafora, ambaye alipelekwa kwanza kwa kampuni ya Ferrari huko Maranello kupata mafunzo. Jina lake na la gari lake likavuma mjini. Wahalifu walikuwa wakijua kwamba wakimwona Spatafora nyuma yao, shughuli imekwisha. Gari lile lilitumika mpaka mwaka 1968, na mwaka 1972 likauzwa katika mnada wa vifaa vya serikali vilivyokwisha muda wake, kama yanavyouzwa malori na pikipiki zilizochoka.

Tuzingatie jambo moja. Magari ya aina ya 250 GTE yaliundwa zaidi ya 900, wala si adimu kama baadhi ya ndugu zake. Lakini hilo moja la polisi linatafutwa na kuheshimiwa kuliko mengine yote ya aina yake. Limepata heshima hiyo kwa sababu lilitumika. Kila mkwaruzo na kila kilomita ya kazi ya usiku vimekuwa sehemu ya thamani yake. Kama lingefungiwa ghalani tangu siku ya kwanza lisipate doa, leo lingekuwa gari zuri kama mengine mia tisa.

KUTOKA DOLA 18,000 HADI MILIONI 48

Gari linalotajwa zaidi katika mabishano haya ni nduguye huyo wa Roma, Ferrari 250 GTO. Liliundwa kati ya mwaka 1962 na 1964, na hesabu inayokubaliwa na wengi ni magari 36. Kazi yake ilikuwa moja tu: kushinda. Nalo lilishinda, kwani kwa miaka mitatu mfululizo, 1962, 1963 na 1964, liliiletea Ferrari ubingwa wa dunia wa magari ya daraja lake. Bei yake likiwa jipya nchini Marekani ilikuwa kadiri ya dola 18,000, na hata mwenye fedha hizo hakuuziwa mpaka akubaliwe na kampuni.

Baada ya miaka michache magari mapya zaidi yakalishinda mbio, na GTO likawa chuma cha zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtu aliweza kulipata kwa dola zisizofika 10,000. Moja lilitolewa zawadi kwa shule ya sekondari huko Texas ili wanafunzi wajifunzie ufundi wa magari. Mwaka 1972 shule ikaliuza kwa dola 6,500, na mnunuzi akaliacha juu ya trela, uwanjani, katika mvua na theluji, kwa kadiri ya miaka 15. Wakati ule hapakuwa na mtu aliyelitazama kama hazina.

Mwezi Agosti 2018 GTO jingine liliuzwa mnadani huko California kwa dola milioni 48.4. Mtu akiitazama hesabu hiyo bila kutulia, atasema: “Kumbe njia ya utajiri ni kununua gari na kulificha!” Lakini mwenye kusema hivyo amehesabu aliyepata, akamsahau aliyepotea. Kwa kila GTO yapo maelfu ya magari yaliyonunuliwa kwa matumaini yaleyale, yakaishia kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu.

HOMA YA MWAKA 1988

Mwishoni mwa miaka ya 1980 homa kali iliingia katika biashara hii. Fedha za mkopo zilikuwa rahisi, hasa nchini Japani, ambako bei za ardhi na hisa zilikuwa zikipaa. Tarehe 14 Agosti 1988 mzee Enzo Ferrari, mwasisi wa kampuni, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 90. Papo hapo watu wakaona kwamba kila gari lenye nembo ya farasi wake lingepanda bei. Walinunua hata wasiojua kuliwasha. Gari lilibadilisha mwenyewe mara mbili na tatu katika mwaka mmoja bila kutoka ghalani, kama gunia la kahawa linalouzwa likiwa bado bandarini. Mwaka 1990 Ferrari 250 GTO moja lilinadiwa kwa zaidi ya dola milioni 10.

Mwaka huohuo homa ikashuka. Soko la hisa la Tokyo lilianza kuporomoka, mikopo ikawa ghali, na waliokopa wakalazimika kuuza. Wauzaji wakawa wengi, wanunuzi wakatoweka. Katikati ya miaka ya 1990 magari ya aina ileile ya GTO yaliuzwa kwa bei isiyofika dola milioni 4. Aliyenunua kwa fedha zake mwenyewe, akiwa na mapenzi na gari lake, aliendelea kulipanda siku za mapumziko kama kawaida, kwa maana kushuka kwa bei hakukupunguza hata mwendo wa kilomita moja. Aliyenunua kwa mkopo akisubiri faida alikosa faida, akakosa gari, akabaki na deni.

Mkasa wa Jaguar unaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Mwezi Oktoba 1988 kampuni hiyo ya Uingereza ilionyesha gari lake jipya liitwalo XJ220, ikatangaza kwamba hayatazidi 350. Watu zaidi ya elfu moja walijitokeza, tayari kuweka kitangulizi cha pauni 50,000 kila mmoja. Wengi wao hawakukusudia kuliendesha, walikusudia kuiuza nafasi yao katika foleni. Gari lilipokuwa tayari mwaka 1992, uchumi ulikuwa umezorota, bei ilikuwa imepita pauni 400,000, na injini ya silinda 12 iliyoonyeshwa mwanzo ilikuwa imebadilishwa ikawa ya silinda 6. Waliokuwa wakigombea nafasi sasa wakatafuta njia ya kujitoa, na baadhi yao wakafikishana mahakamani na kampuni. Hatimaye hayakufika hata magari 300, na mengine mapya kabisa yakakaa bila mnunuzi.

Ajabu ni kwamba gari lenyewe halikuwa na kosa kubwa. Lilifikia zaidi ya kilomita 340 kwa saa, mwendo ambao magari machache sana ya barabarani yaliujua wakati ule. Lakini mtu aliyelitaka kwa ajili ya bei hakuona faida yoyote katika kasi hiyo, kwa kuwa hakukusudia kuionja.

VIWANDA VILIVYOGEUKA GHALA

Upo mfano mwingine unaogusa jasho la wafanyakazi. Katika mji wa Mulhouse, mashariki ya Ufaransa, walikuwapo ndugu wawili, Hans na Fritz Schlumpf, wenye viwanda vya nguo za sufu. Fritz alikuwa na mapenzi yasiyo na kiasi na magari aina ya Bugatti. Kwa miaka mingi aliyanunua kimyakimya kutoka kila pembe ya dunia. Katikati ya miaka ya 1960 alinunua kwa mkupuo mmoja magari 30 kutoka kwa Mmarekani mmoja, yakasafirishwa kwa reli na meli mpaka Ufaransa. Yote yaliingizwa katika jengo la kiwanda lililofungwa, mafundi wakaapishwa kutunza siri, na ndani zikasimikwa taa za nguzo kwa mamia, mfano wa zile zilizoko katika daraja mashuhuri la Paris.

Wakati huo biashara ya nguo za sufu ilikuwa ikididimia. Mwaka 1976 wafanyakazi wa viwanda waligoma, na ndugu wale wakakimbilia Uswisi. Mwezi Machi 1977 wafanyakazi wakavunja makufuli ya jengo lile lililofungwa. Walichokiona ndani kiliwaacha midomo wazi: magari zaidi ya 400 yaking'aa katika safu, na kati yake zaidi ya 100 ni Bugatti, pamoja na mawili ya aina ya Royale, ambayo yamebaki sita tu duniani. Watu walioambiwa kwamba hazina ya kiwanda imekauka waliiona hazina hiyo kwa macho yao, imesimama juu ya matairi.

Wafanyakazi waliyaacha karibu magari yote salama. Waliikalia nyumba ile kwa kadiri ya miaka miwili, wakawafungulia wananchi milango waje watazame. Serikali ya Ufaransa ikayatangaza kuwa kumbukumbu ya taifa ili yasiuzwe nje ya nchi, na mwaka 1982 jengo lile likafunguliwa rasmi kuwa makumbusho. Wahenga walisema mali ya bahili huliwa na dudu. Mali hii iliponea chupuchupu, lakini mwenye kuikusanya hakuifurahia, wala waliomtajirisha hawakulipwa kwayo.

CHUMA KISICHOTEMBEA

Askari wa kikosi cha usafirishaji hahitaji kufundishwa kwamba gari lililosimama halipumziki, bali linaharibika polepole. Waswahili husema akiba haiozi. Methali hiyo yafaa kwa mahindi yaliyokaushwa na kwa fedha za posta. Kwa gari, tuiseme kwa tahadhari.

Petroli inayokaa muda mrefu huchacha, ikaacha utandu unaoziba kabureta na mabomba madogo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo huzaa kutu ndani ya silinda za breki. Sili za mpira, ambazo hubaki laini kwa kulowa mafuta kila injini inapozunguka, hukauka na kupasuka. Oili hushuka yote chini, ikaziacha kuta za silinda za injini wazi kwa kutu. Betri hufa. Tairi lililobeba uzito mahali pamoja kwa miezi hupata ubapa, na hata lisipotembea huzeeka na kuwa hatari.

Gari la McLaren F1, lililobuniwa na Gordon Murray, mzaliwa wa Durban huko Afrika Kusini, ni mfano mwema. Yaliundwa 106 tu katika miaka ya 1990, na mwaka 1998 moja lilipimwa likienda kilomita 386 kwa saa. Tangi lake la petroli ni mfuko maalumu wa aina itumiwayo katika magari ya mbio, nao hutakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka mitano hivi, kazi inayolazimu injini yote ishushwe. Mfuko huo hauulizi kama gari limekwenda kilomita elfu hamsini au halikutoka mlangoni. Miaka ikitimia, gharama imefika. Hivyo anayelificha gari hilo hulipa karibu sawa na anayeliendesha. Huongeza juu yake bima, mlinzi na mtambo wa kukausha hewa ya ghala.

WANAOYAENDESHA

Wapo lakini waliochagua njia nyingine. Nick Mason, mpiga ngoma wa kundi la muziki la Pink Floyd la Uingereza, alinunua Ferrari 250 GTO mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kadiri ya pauni 37,000. Gari hilo ndilo lililochukua nafasi ya tatu katika mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1962. Badala ya kulifungia, Mason ameliingiza katika mashindano ya magari ya zamani kwa miongo kadhaa. Leo thamani yake ni mamilioni ya pauni kwa makumi, na kukimbia kwake hakukuipunguza.

Rowan Atkinson, mwigizaji tunayemfahamu kwa jina la Mista Bean, alinunua McLaren F1 mwaka 1997 kwa zaidi ya pauni nusu milioni. Aliliendesha kwa kadiri ya kilomita 66,000, kama mtu aendeshavyo gari la familia. Aligonga nalo mara mbili. Mara ya pili, mwaka 2011, liligonga mti na kushika moto, na matengenezo yake yaliigharimu kampuni ya bima kadiri ya pauni 910,000. Mwaka 2015 aliliuza kwa takriban pauni milioni 8. Kwa upande mwingine, mwaka 2021 gari la aina hiyohiyo lililokuwa limekwenda kilomita zisizofika 400 tangu kuundwa liliuzwa Marekani kwa dola milioni 20.4. Hatuna budi kukiri kwamba soko humlipa zaidi aliyelificha. Lakini tuulize: katika miaka zaidi ya ishirini, yupi kati ya hao wawili alikuwa na gari?

Hata katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki mabishano haya yana jibu lake, nalo limeandikwa kwa vumbi. Mashindano ya Safari yalipoanzishwa mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, aliyashinda mara tano, na ushindi wake wa kwanza, mwaka 1973, aliupata kwa gari la spoti la Datsun 240Z. Tangu mwaka 2003 yapo mashindano ya Safari ya magari ya zamani, yanayopita katika barabara za Afrika Mashariki. Humo magari ambayo Ulaya yangefunikwa kwa shuka, kama vile Porsche 911 za miaka ya 1970, hupita katika mawe, mashimo na mito. Mwaka 2011 mshindi alikuwa Björn Waldegård wa Sweden, mwenye umri wa miaka 68, mwanawe akiwa msoma ramani wake, katika Porsche 911. Mwaka 1974 mzee huyo alikuwa wa pili katika Safari yenyewe kwa gari la aina hiyohiyo. Alisubiri miaka 37, lakini hakusubiri ghalani.

HOJA YA WATUNZAJI

Haitakuwa haki kuwahukumu wote wanaoyatunza magari bila kuyatumia. Wanayo hoja. Gari likigongwa na kupakwa rangi upya, hakuna fundi awezaye kurudisha rangi ya siku ya kwanza. Magari machache yaliyobaki kama yalivyotoka kiwandani ni kitabu cha rejea, na mafundi huyatazama ili wajue msumari ulikaa wapi na mshono ulipita vipi. Aidha, dereva asiye na mazoezi akipewa gari lenye nguvu za farasi 300, lisilo na mikanda wala breki za kisasa, ni hatari kwake na kwa wengine. Gari la urithi wa taifa likiwekwa katika makumbusho, wananchi wakaingia na watoto wao, hapo limo kazini.

Kasoro iko kwa yule asiyelitazama wala kuliendesha, wala kumwonyesha mtu. Kwake yeye gari ni namba katika daftari, na kama daftari lingeandikwa saa au kiwanja, asingetambua tofauti. Tena mahali palipo na bei kubwa, hila haikosi. Kwa kuwa thamani hutegemea namba ya chesisi na ya injini, wapo walaghai wanaogonga namba za gari lililokufa juu ya chuma kipya, wakaliuza kama la asili. Polisi wasomao makala hii wanaujua mchezo huo. Nasi tukumbuke kwamba gari lililojitokeza mashindanoni kila mwaka, likapigwa picha na kutambuliwa na mafundi, ni vigumu kughushiwa. Lililofichwa miaka thelathini halina shahidi.

Ni ajabu pia kwamba sheria ya kodi ya Uingereza, nchi yenye wakusanyaji wengi, haitozi kodi ya faida pale mtu binafsi anapouza gari lake la abiria. Waliotunga sheria waliona kwamba gari kwa kawaida hupoteza thamani kila mwaka, hivyo hakuna faida ya kutoza. Sheria hiyo ina hekima ambayo madalali hawaitangazi: kupanda kwa bei ya gari ni jambo la nadra, na kushuka ndiyo kanuni.

FUNZO KWA ASKARI

Wasomaji wetu hawatanunua Ferrari. Lakini kila mwaka wapo askari wanaotoka kazini na malipo yao mkononi, na kila mwaka hutokea “Ferrari” ya aina yake: kiwanja ambacho hakuna aliyekiona, hisa za kampuni isiyo na ofisi, gari la anasa linalosemekana litauzwa kesho kwa bei maradufu. Dalili za homa ni zilezile za mwaka 1988. Mnunuzi hajui kitu chenyewe, anajua bei tu. Fedha ni za mkopo. Na faida yote inategemea kutokea mtu mwingine atakayelipa zaidi.

Kabla ya kutoa fedha, jiulize maswali matatu. Je, bei ikishuka kesho nusu yake, kitu hiki kitanifaa mimi na nyumba yangu? Je, kinazalisha kitu kinapokuwa kazini, kama ng'ombe azalishavyo maziwa na gari la mizigo lizalishavyo nauli, au kinasubiri tu? Je, najua kukitunza na kukikagua mwenyewe, au nategemea neno la dalali? Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali bila matumizi hupotea hata daftari likiwapo.

Spatafora wa Roma hakuwa na Ferrari yake mwenyewe. Lilikuwa mali ya serikali, akalirudisha kama askari arudishavyo bunduki ghalani. Lakini miongoni mwa watu wote waliopata kuligusa gari lile tangu siku lilipotoka Maranello, yeye ndiye anayetajwa jina lake linapotajwa gari. Waliolipa fedha walipata hati ya umiliki. Aliyeliendesha alipata gari.